KOCHA WA SHULE ANAJIBU: Mwezi wa nne tulikuwa tunafunga kila mtu, mwezi wa saba tukapigwa nne, kulikoni?

Tangu michezo ya shule imalizike maswali yamejaa mezani, mengine ya kweli, mengine ya kunitukana tu, hayo nimeyaweka pembeni. Kwa msiojua, mimi ni mwalimu wa jiografia kwenye sekondari moja ya kata huku Moshi na jioni ndo kocha wa timu ya wavulana, mtunza jezi na mpuliza mipira. Twende kazi.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mzazi na shabiki wa timu yenu. Aprili tuliwafurahia sana, mlikuwa mnamfunga kila mtu, sasa Julai nimekuja uwanjani na wajukuu tukaona mnapigwa nne na shule ileile mliyoifunga kabla ya likizo. Vijana wamebweteka au kuna ugomvi ndani ya timu? (Mzee wa Soweto, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Hatujabweteka, tumevunwa. Hili swali nimeulizwa hadi na bodaboda wa stendi kwaiyo ngoja nilieleze vizuri, maana watu wanadhani timu ya shule ni kama Simba au Yanga, kwamba unaanza msimu na watu wako unamaliza nao.

Shule zinafungua Januari. Mimi hapo waliokuwa kidato cha nne wameshaondoka Novemba baada ya mtihani wa taifa, yaani nusu ya kikosi hamna, na kidato cha kwanza ndo wanaingia na mabegi mapya siwajui hata majina. Februari yote natafuta kipa, kila mtu anataka kuwa straika na yule mrefu ambaye ningemtaka golini anaogopa mpira. Machi masika inaanza. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko, mvua ikinyesha goli la chini linakuwa bwawa la kambale, mazoezi tunafanyia korido ya darasa au tunapiga stori. Na hapohapo kwenye tope ndo UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inaanza, ngazi ya shule, unaenda kata, alafu wilaya.

Sasa siri iko hapo wilayani mzee wangu. Baada ya wilaya hakuna tena timu ya shule. Inachaguliwa kombaini ya wilaya, yaani timu moja ya wachezaji waliochaguliwa toka shule mbalimbali, iende mkoani, na mkoani inachaguliwa kombaini ya mkoa iende taifa mwezi wa sita. Ukiwa na timu mbovu walimu wanaochagua hawamchukui mtu, unarudi na watu wako wote mzima kabisa. Ukiwa na timu nzuri wanakaa pembeni na daftari lao, mechi ikiisha wanakuita, mwalimu hongera sana, tunaomba kipa, beki wa kati, namba sita na yule anayevaa tisa. Wameshachukua uti wa mgongo hao. Siku ya kuondoka unawaona vijana wako kwenye Koasta ya wilaya, godoro limekunjwa na kamba ya katani, ndoo ina sahani na kikombe ndani, blanketi la mama yake, wanakupungia mkono na furaha zao, na wewe unafurahi kweli kwa sababu ndo ulichokuwa unakitafuta tangu Januari. Ila timu imeisha palepale.

Wakirudi wako hoi, mwingine ana goti, mwingine ameshaonwa na watu wa akademi wa Arusha akili haiko shule tena. Julai ni ile baridi yetu ya ukungu, shule zinafungua, kidato cha nne wana mitihani ya majaribio, siku hizo nawaachia waende. Ile mechi uliyoiona kikosi kilijaa watoto wa kidato cha pili. Nilijua tutapigwa na nikawaanzisha hivyohivyo, kwa sababu hao ndo timu yangu ya Februari ijayo na mtoto hajifunzi kukaba akiwa benchi. Wajukuu waambie waje tena mwakani mwezi wa nne.

SWALI: Kocha mimi nacheza winga ya kushoto. Mashindano ya wilaya nilifunga karibu kila mechi lakini kombaini akachukuliwa mwenzangu ambaye kafunga moja tu, na mwalimu wake yupo kwenye benchi la ufundi. Huu si upendeleo? (Namba 11, Himo)

Dogo, upendeleo upo sitakudanganya, nimekaa kwenye vile vikao na nimesikia mtu anasema huyu ni wa kwetu apite. Ila kabla hujamchukia mwenzako jiulize kitu kimoja, ukipoteza mpira unafanya nini. Walimu wanaochagua wana siku chache sana na nafasi za kwenye basi ni za kuhesabu, kwaiyo wanamtafuta mtu anayecheza sehemu mbili tatu, leo winga kesho beki tatu wa kushoto, kwa sababu huko mkoani mechi zinafuatana leo kesho keshokutwa na watu wanaumia. Winga anayefunga alafu akinyang'anywa anasimama mikono kiunoni, hata kama kafunga mengi, kwenye daftari langu mimi simuandiki. Sijakuona ukicheza kwaiyo sisemi ni wewe. Lakini muulize beki wako wa kushoto, yeye ndo anajua kama unamsaidia au unamwachia watu wawili.

Alafu jambo lingine dogo ambalo limewaacha watoto wengi nyuma: karatasi. Fomu haina picha, haina muhuri wa mkuu wa shule, cheti cha kuzaliwa kiko kwa bibi Rombo. Afisa michezo hana muda wa kusubiri bibi ashuke mlimani.

SWALI: Tulicheza na shule moja, kuna jamaa ana ndevu kabisa na wiki mbili nyuma nilimuona anacheza ndondo mtaani kwetu, mtu mzima. Kocha wetu hakukata rufaa. Mbona mnaogopana? (Mdau wa Majengo)

Mamluki hao, ugonjwa wa zamani. Wengine sio wanafunzi kabisa, wengine ni wanafunzi lakini wamepunguza umri, wengine wamehamishwa shule wiki moja kabla ya mashindano na wakimaliza hawaonekani tena darasani. Kukata rufaa kunataka ushahidi, ndevu peke yake sio ushahidi, mimi nina mtoto wa kidato cha pili ana ndevu kuliko mimi na mama yake namjua na mwaka aliozaliwa naujua. Unatakiwa uwe na jina lake la kweli, namba ya usajili iangaliwe, na upeleke malalamiko kwa muda waliopanga, sio baada ya kufungwa ndo unakumbuka.

Ila hasara yake ni kubwa kuliko kikombe. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walishafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, nchi ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, watoto wote waliobaki ambao walikuwa halali wakaikosa safari. Na kuanzia Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, mfupa unasema wenyewe. Kwaiyo mwalimu anayemchezesha mamluki leo anamdanganya hata huyo mamluki, maana atafika mahali mashine inamkataa akiwa hana shule na hana timu.

SWALI: Kocha nina kijana wa kidato cha nne, kipa, anapenda mpira kuliko kula. Baba yake anasema viatu vichomwe moto hadi Novemba ipite. Mimi nipo katikati. (Mama wa Marangu)

Mama shikamoo. Viatu msichome, ni hela hiyo.

Mimi kwenye timu yangu kidato cha nne wanacheza hadi mwisho wa Julai, kuanzia Agosti ni mazoezi siku mbili kwa wiki kwa anayetaka, mechi hakuna, na Oktoba nikimuona uwanjani namfukuza. Nimefikia hapo kwa kuona. Mtoto ukimkataza kabisa ghafla hakai na kitabu, anatorokea kwenye mechi za mtaani ambako hakuna mwalimu wala anayejua amerudi saa ngapi, anarudi usiku amechoka na hajasoma. Lakini ukimpa ile saa moja na nusu ya jioni akaoga akala, anakaa mezani anatulia. Sio wote, wapo wanaolala, huyo wako wewe ndo unamjua.

Cha kufanya kaeni naye nyie watatu, mwiteni na kocha wake kama anakubali kuja, muweke ratiba iandikwe ibandikwe ukutani, na matokeo ya mtihani wa majaribio yawe ndo yanaamua, akishuka anapumzika mpira mwezi mzima bila kelele. Baba yake mwambie hivi kwa heshima: ligi nyingi sasaivi kijana mdogo akipata nafasi anasainishwa mikataba, na asiyejua kusoma mkataba analia baadaye. Kwaiyo shule na mpira hapo sio maadui kama anavyodhani. Na makipa wanachelewa kukomaa mama, wengi wanakuwa wazuri wakishafika miaka ya ishirini na kitu, hakuna cha kumpita hapo akikaa miezi mitatu.

SWALI: Habari kocha, mimi ni ticha mpya huku Karatu, nimeripoti tu nikapewa barua kuwa mwalimu wa michezo. Sijawahi kufundisha mpira, nina mipira miwili na watoto arobaini. Naanzia wapi? (Ticha Mpya)

Karibu kwenye chama mwalimu, wote tulipewa barua hivyohivyo.

Kosa la wengi ni kuwagawa ishirini kwa ishirini wapige mpira mmoja, ukiangalia pale watoto kumi wanagusa mpira na thelathini wanakimbia tu. Chora viwanja vidogo kwa chokaa au majivu, mawe yawe magoli, watano kwa watano. Mipira miwili ni viwanja viwili, hiyo ni watoto ishirini. Waliobaki wape mpira wa chandimu, si wanajua kuutengeneza wenyewe kwa matambara na mifuko, watengeneze miwili mingine uzidishe viwanja. Chandimu haudundi, kwaiyo mtoto anajifunza kutuliza na kupasia chini bila wewe kusema neno. Kila dakika kumi mbadilishane, wa chandimu waje kwenye mpira wa kweli.

Mipira yenyewe usiijaze upepo kama jiwe. Sheria inataka mpira wa saizi 5 uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 na presha kati ya 0.6 na 1.1 za atmosfia, kama huna kipimo bonyeza kwa vidole gumba viwili, uingie kidogo tu. Huko Karatu kuna miiba na changarawe, ukijaa sana unapasuka wiki hiyohiyo na mkuu wa shule hanunui mwingine hadi mwakani.

Alafu kitu kitakachokuokoa kuliko mbinu zote, tafuta ile programu ya FIFA ya kupasha mwili inaitwa 11+, inachukua kama dakika 20, kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na mizani, alafu kukimbia kwa kasi na kukata kona. Haitaki vifaa vya gharama, mipira yako na vitu vya kuweka alama vinatosha. Imepimwa kwa vijana na ikifanywa vizuri angalau mara mbili kwa wiki inapunguza majeruhi kwa thuluthi na zaidi. Mimi nawaachia manahodha waiendeshe na mimi nasimama naangalia magoti, mtoto akitua goti linaingia ndani namwita pembeni. Mambo ya kupanga wachezaji 4-3-3 na nini utajifunza baadaye, mwaka wa kwanza ukimaliza na watoto wazima wanaojua kupasia umefanya kazi.

SWALI: Kila tukija kucheza Arusha mechi za kirafiki tunaisha pumzi kipindi cha pili. Wenzangu wanasema ni hewa nyepesi ya Arusha. Kweli? (Kiungo, Moshi)

Moshi mjini tuko kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha ni kama 1,400. Tofauti ipo lakini sio ya kukulaza chini dakika ya sitini. Mwenzangu, mmeamka saa kumi alfajiri, mmekaa kwenye Koasta kilomita 80 mmebanana watatu kwenye siti ya wawili mnaimba njia nzima, mmefika mmekula maandazi na soda, alafu mechi saa saba jua la utosi. Hata mlima wenyewe ungechoka.

Kula chakula kamili masaa matatu kabla ya mechi, wali au ugali au ndizi na mboga kidogo, mafuta machache. Makande nayapenda ila yale usiku wa kuamkia mechi, ukila makande saa nane mechi saa kumi utacheza huku umeshika tumbo. Maji mnywe kidogokidogo kuanzia asubuhi, sio kubugia lita nzima mapumziko. Na kwenye gari mlale.

SWALI: Nimeteguka kifundo cha mguu, bibi ananichua na maji ya moto kila jioni na kinazidi kuvimba. (Beki Mbili, Boma Ng'ombe)

Mwambie bibi asante na asimame kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna kuchua na hakuna maji ya moto, vinaongeza damu pale pale panapovimba. Weka barafu dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya masaa mawili matatu, isiguse ngozi moja kwa moja, funga kwenye kitambaa. Sisi kwenye timu tunatumia zile barafu za ubuyu wanazouza mama getini, majeruhi akimaliza anakula dawa yake. Funga bandeji isibane sana, mguu ulale juu ya mto.

Ila sikiliza hapa: kama huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, au ukibonyeza ule mfupa wenyewe unaotokeza pembeni ya kifundo, nje au ndani, unapiga kelele, nenda hospitali upigwe eksirei, usisubiri Jumatatu. Na aliyegongwa kichwa akazimia hata sekunde kidogo au akawa haeleweki anaongea nini, huyo anatoka uwanjani harudi siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama yeye mwenyewe anasema yuko fiti.

SWALI: Kocha ukweli wako, timu za shule nazo zina kamati ya ufundi? Unanielewa ninachosema. (Jina limehifadhiwa)

Nimekuelewa, unasema mambo ya uganga. Zipo. Kuna mwaka tulifika uwanjani wenyeji wakatukataza kupita getini, na sisi tukawakataza wao, kila upande unaogopa dawa ya mwenzake, tumesimama nje wote kama wapambe wa harusi, refa yuko katikati ya uwanja peke yake anaangalia saa. Mwisho tuliruka ukuta wote. Mechi ikaisha sare bila kufungana na kila upande ukasema dawa imefanya kazi. Vijana wangu nawaambia hela ya mganga wanunulie soksi.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni msichana wa kidato cha pili Machame, tunapenda mpira tuko kama kumi na tano lakini mwalimu anasema wasichana ni netiboli. (Mshambuliaji)

Marahaba binti. UMISSETA ina mpira wa miguu wa wasichana, sio kitu cha kuombwa kama hisani, upo kwenye ratiba. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 na wakarudi tena kule Morocco mwaka 2025, na wale hawakuanguka kutoka mbinguni, walianza hivyo mnavyoanza nyie. Andikeni majina kumi na tano hayo, nendeni kwa mwalimu wa michezo mkiwa wote sio mmoja, mwombeni jioni mbili tu kwa wiki baada ya netiboli kumaliza uwanja. Akikataa nendeni kwa matroni. Netiboli pia chezeni, kuruka na kudaka kwa netiboli kumewahi kunipa kipa mzuri sana, bahati mbaya alikuwa wa shule nyingine.

SWALI LA MWISHO: Njumu nzuri za bei ya kawaida napata wapi Moshi na nitajuaje kama sio za kuchanika mechi ya kwanza? (Namba Nane, Pasua)

Nenda soko la mitumba la Memorial siku wanayofungua mabelo mapya, wahi asubuhi, usiende na jezi ya timu maana bei inapanda. Shika kiatu pinda mbele pale vidole vinapokunjikia, gundi ikifunguka hata kidogo rudisha. Angalia meno ya chini, yasiwe yameisha upande mmoja, hiyo ina maana mwenyewe wa kwanza alikuwa anakanyagia upande na wewe kitakuvuta hivyohivyo. Yale meno ya chuma ya kufungua na kufunga achana nayo, ni ya majani laini ya wenzetu, kwenye ardhi yetu ya kiangazi yatakuua magoti na refa anaweza kukutoa. Chukua ya plastiki yaliyoungana na soli, mengi mafupi. Jaribu ukiwa umevaa soksi ya mpira, kidole gumba kibaki na nafasi ndogo tu mbele, usinunue kikubwa eti utakua. Ikilowa tope usianike juani wala jikoni juu ya mkaa, safisha, jaza magazeti ndani, weka kivulini. Na shingadi za kukinga ugoko nunua hapohapo, kama huna hela ya vyote viwili nitafute kwenye mazoezi, huwa nina za akiba kwenye begi.